John Walter Gregory: Mtaalamu wa Bonde la Ufa aliyeikosa barafu ya kusini

MSAFIRI wa Reli ya Kati anayetoka Dodoma kwenda Manyoni hupita Bahi na Kintinku katika nchi iliyo bapa kama sinia, nchi ya mashamba ya mpunga na mbuga ambayo hugeuka ziwa katika miaka ya mvua nyingi. Kisha ardhi husimama mbele yake. Treni hupunguza mwendo na kuanza kuupanda ukuta wa Saranda kidogo kidogo, hadi nchi inapofunguka tena kule juu. Ni juu ya ukingo huo huo ambako Wajerumani walijenga boma lao la Kilimatinde, miaka mingi kabla reli yao haijafika Dodoma mwaka 1910.

Ukuta huo ni ukingo wa Bonde la Ufa. Tawi hili la mashariki linashuka kutoka Kenya, linaingia Tanzania kwenye Ziwa Natron, linapita Manyara na miteremko ya Kondoa yenye michoro ya mapangoni, hatimaye linafifia katika nyanda za Dodoma, ambako mipasuko yake hutawanyika na kupotea chini ya udongo. Haijafa, kwani ardhi ya Dodoma hutikisika mara kwa mara, kama ilivyotokea Novemba 2002. Katika vitabu vya jiolojia, tawi hilo lote huitwa Bonde la Ufa la Gregory.

John Walter Gregory, aliyebeba jina hilo, anafahamika Afrika Mashariki kwa habari ya bonde peke yake. Wachache hukumbuka kuwa alikuwa pia mtu wa barafu, na kwamba mwaka 1900 ndiye aliyeteuliwa kuongoza kazi ya sayansi katika msafara mkubwa wa kwanza wa Uingereza wa karne mpya kwenda bara la Antaktika. Hakwenda. Sababu za kutokwenda kwake, na kile ambacho barafu ya huko imekuja kuwafundisha wataalamu tangu wakati huo, ni sehemu ya maisha yake isiyosimuliwa vya kutosha.

Gregory alizaliwa London Januari 27, 1864, mtoto wa mfanyabiashara wa sufu. Alipofikisha miaka 15 aliacha shule akawa karani katika biashara hiyo hiyo ya sufu. Mchana alihesabu marobota, na jioni alihudhuria masomo katika taasisi ya Birkbeck, iliyofunguliwa kwa ajili ya watu wa kazi. Kwa njia hiyo ya kujinyima usingizi alipata shahada ya kwanza ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1891 na ya udaktari wa sayansi mwaka 1893. Tayari tangu mwaka 1887 alikuwa ameajiriwa katika idara ya jiolojia ya jumba la makumbusho ya viumbe na mawe la London, akichambua visukuku vya wanyama wa baharini.

Wakati huo, huko Vienna, alikuwapo mtaalamu mashuhuri aliyeitwa Eduard Suess. Suess hakuwahi kukanyaga Afrika ya Mashariki, lakini alikuwa amesoma taarifa za safari ya Count Teleki na Ludwig von Höhnel ya miaka ya 1887 na 1888. Kutokana na taarifa hizo, mwaka 1891 alitangaza kuwa maziwa na mabonde yote yale marefu ni sehemu ya ufa mmoja mkubwa wa dunia. Lilikuwa wazo la kushangaza, na lilihitaji mtu wa kwenda kuligusa jiwe lenyewe kwa nyundo.

Nafasi ya Gregory ilikuja kwa bahati mbaya ya wengine. Mwaka 1892 alijiunga na msafara mkubwa wa Waingereza uliokusudia kuingia bara, lakini msafara huo ulivunjika kwa maradhi na mipango mibovu kabla haujafika mbali. Badala ya kurudi kwao, alikwenda Mombasa, akakusanya wapagazi wapatao 40 na mwaka 1893 akaondoka nao kwa miguu. Kwa viwango vya zama hizo msafara wa watu 40 ulikuwa mdogo mno, kiasi cha kuonekana kama wazimu. Hata hivyo, alifika Naivasha na Baringo, akapanda Laikipia na hatimaye akafika Mlima Kenya.

Alichokiona bondeni kilithibitisha wazo la Suess. Kuta za bonde zilipanda kama ngazi, hatua juu ya hatua, na matabaka ya mawe ya upande mmoja yalilingana na ya upande wa pili. Mto hauchimbi ardhi namna hiyo. Gregory alihitimisha kuwa kipande kirefu cha ardhi kilizama kati ya mipasuko miwili iliyo sambamba, kama ubao wa sakafu unaotumbukia kati ya mbao mbili zilizobaki mahali pake. Kitabu chake cha mwaka 1896 ndicho kilicholieneza jina la Bonde Kuu la Ufa kote duniani.

Mlimani alikutana na jambo la pili. Wapagazi wake, wengi wao watu wa pwani, waliamka asubuhi moja wakakuta maji ya kupikia yamegeuka jiwe ndani ya vyungu, wakaamini yamerogwa. Gregory aliendelea kupanda hadi akafika kwenye mito ya barafu yenyewe, mtaalamu wa kwanza kufanya hivyo katika mlima huo. Mmoja aliuita Lewis, kwa heshima ya Mmarekani aliyekuwa bingwa wa mambo ya barafu, na bonde lililo chini yake akaliita Teleki. Mwingine ulikuja kuitwa kwa jina lake yeye mwenyewe.

Lakini kilichomvutia zaidi kilikuwa chini ya barafu hiyo. Futi elfu kadhaa chini ya mahali ilipokuwa ikiishia, alikuta vilima vya mawe na kokoto vya aina inayoachwa na barafu tu. Maana yake ilikuwa wazi: barafu ya Mlima Kenya iliwahi kushuka mbali zaidi, kisha ikarudi nyuma. Mpaka wa barafu, ambao kwa macho ya mwanadamu huonekana wa milele, ulikuwa umehama.

Mwaka 1896 alikwenda upande mwingine wa dunia. Alikuwa mmoja wa watu wa Martin Conway waliokivuka kisiwa cha Spitsbergen, kaskazini kabisa ya Norway, safari ambayo hakuna aliyewahi kuifanya kabla yao. Kule aliona jambo ambalo Mlima Kenya haukuweza kumwonyesha, yaani mito ya barafu inayoshuka hadi baharini na kukatikia majini. Kwa hiyo alipofikisha umri wa miaka 36 alikuwa ameiona barafu ya ikweta na barafu ya karibu na Ncha ya Kaskazini. Iliyobaki ilikuwa ya kusini.

Huko kusini kulikuwa na fumbo lililodumu kwa miaka 60. Januari 1841 nahodha Mwingereza, James Clark Ross, alikuwa akisafiri kuelekea kusini mwa New Zealand alipozuiwa na ukuta mweupe wa barafu uliosimama juu ya bahari, wima, usio na mlango. Aliufuata kwa mamia ya maili bila kuuona mwisho wake. Leo inajulikana kuwa ukuta huo ni ukingo tu wa uwanda wa barafu wenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 487,000, zaidi kidogo ya nusu ya Tanzania nzima, na unene wa mamia ya mita. Siku zile hapakuwa na mtu aliyejua uwanda huo umekaa juu ya nini, kama ni juu ya nchi kavu au juu ya maji.

Taasisi mbili za London, Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, ziliungana kuandaa msafara wa kwenda huko kwa meli mpya iliyoitwa Discovery. Mwaka 1900 Gregory, aliyekuwa ametoka kuchukua kiti cha profesa wa jiolojia Melbourne, Australia, aliteuliwa kuwa kiongozi wa sayansi. Uteuzi huo ulimstahili. Katika Uingereza nzima ni watu wachache sana waliokuwa wameongoza msafara wao wenyewe katika nchi ngumu na wakati huo huo kuandika kitaalamu juu ya barafu.

Mgogoro ulizuka juu ya neno moja: kuongoza. Gregory alielewa kuwa meli ingewashusha wanasayansi pwani na nyumba yao ya kukaa majira ya baridi, kisha yeye angekuwa mkuu wa kila kitu kinachofanyika nchi kavu, na nahodha angebaki mkuu wa meli na bahari. Sir Clements Markham, rais wa Jumuiya ya Jiografia na ofisa wa zamani wa jeshi la majini, hakutaka kusikia habari hizo. Kwake yeye huo ulikuwa msafara wa wanamaji. Kiongozi wake alikuwa amekwisha kumpata, naye alikuwa ofisa kijana aliyeitwa Robert Falcon Scott, hodari wa kazi za meli lakini asiyewahi kufika nchi za barafu.

Vikao vilifuatana mwishoni mwa mwaka 1900 na mwanzoni mwa mwaka 1901. Wanasayansi walimtetea mtu wao, lakini hatua kwa hatua walirudi nyuma. Masharti ya mwisho yalimfanya Scott kuwa mkuu wa meli na wa nchi kavu pia, na profesa akabaki mshauri ambaye ushauri wake ungeweza kusikilizwa au kupuuzwa. Mei 1901 Gregory alijiuzulu. Agosti mwaka huo Discovery iliondoka Uingereza, na kazi ya jiolojia ikaangukia mikononi mwa Hartley Ferrar, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza masomo Cambridge.

Hapa ni lazima kuwa wa haki kwa pande zote. Scott alijifunza haraka, na msafara wake ulirudi na maarifa mengi. Februari 1902 alipanda kwa puto kwenye ghuba moja katika ukingo wa uwanda ule, akaona weupe unaoendelea kusini hadi macho yakachoka. Kituo cha chakula kilichowekwa juu ya barafu kilikutwa kimesogea zaidi ya mita 500 katika muda wa mwaka mmoja na ushei, bila mtu kukigusa. Uwanda mzima ulikuwa ukitembea kuelekea baharini. Ukilinganishwa na ramani za Ross, ukingo wake sehemu nyingine ulikuwa umerudi nyuma maili nyingi, na ishara zilikuwa nyingi kuwa unaelea. Kwa upande mwingine, meli ilinaswa na barafu kwa miaka miwili, hadi Februari 1904, na ilibidi meli nyingine mbili zipelekwe kuisaidia. Mpango wa Gregory, wa meli kuwashusha watu na kuondoka, ungeiepusha na balaa hilo.

Je, Gregory angelitegua fumbo lote? Haielekei. Mwaka 1902 hapakuwa na chombo cha kupima kilicho chini ya mamia ya mita za barafu. Lakini alikuwa na mazoea ambayo Scott hakuwa nayo: mbele ya kila jambo la juu aliuliza umbo la ardhi iliyo chini. Na jibu la swali la ni nini kinachoushikilia uwanda wa barafu unaoelea lilikuwa huko huko chini.

Jambo hilo linaeleweka kwa mfano wa barabarani. Lori lililozidiwa na mzigo likizimika katikati ya mlima, utingo huruka chini na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi. Jiwe ni dogo na lori ni kubwa, lakini jiwe linatosha maadamu tairi linaligusa. Barafu ya Antaktika hutiririka polepole kutoka nchi kavu hadi baharini, na ikifika kwenye kina cha kutosha huacha sakafu na kuanza kuelea. Ingekuwa inaelea tu, ingejitandaza na kukatika upesi. Kinachoizuia ni kuta za ghuba zinazoibana pembeni, pamoja na miinuko ya sakafu ya bahari inayolisugua tumbo la barafu hapa na pale. Miinuko hiyo ni vishikizo, na barafu yote iliyo nyuma yake, hadi ile ya nchi kavu, huenda polepole kwa sababu ya msuguano huo.

Ushahidi wa kwanza ulipatikana kwa kubahatisha. Mwaka 1908 Ernest Shackleton alirudi kwenye ghuba ambamo Scott alirusha puto akakuta ukingo umemeguka na ghuba imebadilika sura, akaiita Ghuba ya Nyangumi na kukataa kukaa hapo. Roald Amundsen wa Norway alizisoma habari hizo hizo akaona kinyume. Tangu zama za Ross, ghuba hii inameguka na kujiumba upya lakini haihami, hivyo lazima kuna kitu chini yake. Januari 1911 alijenga kambi yake hapo, na Desemba 14 mwaka huo alikuwa kwenye Ncha ya Kusini. Alidhani kambi yake imekaa juu ya barafu iliyogusa ardhi. Haikuwa hivyo; ilikuwa inaelea. Lakini kitu alichokihisi kilikuwapo, nyuma yake kidogo upande wa kusini.

Katika miaka ya 1930 misafara ya Mmarekani Richard Byrd ilikitambua na kukiita Kisiwa cha Roosevelt. Kina urefu wa kilomita zipatazo 130. Neno kisiwa linahitaji tahadhari, maana mwamba wake wenyewe haufiki juu ya maji. Uko mita zipatazo 200 chini ya usawa wa bahari. Ni kilima cha sakafu ya bahari, na barafu imekwama juu yake ikarundikana hadi kuwa kama kichuguu kikubwa juu ya uwanda. Uwanda unaotiririka hulazimika kugawanyika na kukizunguka, na pale mikondo miwili inaposhindwa kukutana vizuri ndipo palipokuwa na Ghuba ya Nyangumi. Mwaka 1987 kipande cha urefu wa zaidi ya kilomita 150 kilikatika upande huo na kuichukua ghuba yote, lakini Kisiwa cha Roosevelt kimebaki kikiishika barafu iliyo nyuma yake.

Udhaifu wa vishikizo hivi umo katika hesabu ndogo. Sehemu tisa katika kumi za barafu inayoelea, au pungufu kidogo, huwa ndani ya maji. Mwinuko ulio mita 300 chini ya maji utaguswa na barafu yenye unene wa mita 340. Barafu hiyo ikiyeyushwa kwa chini na maji ya uvuguvugu hadi unene wa mita 330, itauachia mwinuko na kuelea. Mita kumi katika mita 340 ni kitu kidogo, lakini kwa barafu iliyo nyuma ni sawa na utingo kuondoa jiwe.

Hilo limekwisha kutokea. Chini ya mto wa barafu wa Pine Island, magharibi mwa Antaktika, chombo kisicho na mtu kilichotumwa mwaka 2009 kilikuta tuta la mwamba ambalo barafu iliwahi kulikalia. Uchunguzi wa matope ya hapo ulionyesha kuwa maji yalianza kupenya nyuma ya tuta katika miaka ya 1940, na kufikia miaka ya 1970 barafu ilikuwa imeliachia. Tangu hapo mto huo umeongeza kasi. Jirani yake, Thwaites, ambao ukubwa wake hulinganishwa na kisiwa cha Uingereza, upande wake wa mashariki umekuwa ukitegemea kishikizo kimoja kilichoko yapata kilomita 40 baharini, na barafu iliyo juu yake imezidi kukonda na kupasuka.

Kuna hatua ya pili ambayo hata wataalamu iliwashangaza. Barafu ikiwa nzima na nene, mwinuko huituliza. Ikiisha kudhoofika, mwinuko huo huo huipasua, kwa sababu sehemu moja inashikwa huku sehemu nyingine ikisukumwa mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kwa Thwaites kishikizo kilikuwa kimeanza kubadilika kutoka tegemeo na kuwa chanzo cha nyufa.

Barafu inayoelea ikiyeyuka haiongezi kina cha bahari kwa kiasi cha maana, kama kipande cha barafu kwenye glasi kisivyoimwaga glasi. Hatari ni ile iliyo nyuma, juu ya nchi kavu, ambayo bado haijaingia majini. Barafu ya Thwaites peke yake inatosha kuinua bahari zote za dunia kwa sentimita zipatazo 65. Dodoma, iliyo juu ya mita 1,100, haitaona tofauti. Delta ya Rufiji, fukwe za Dar es Salaam na Unguja zitaiona.

Na mwamba ulio chini ya barafu hiyo una sura ambayo Gregory angeitambua bila kuambiwa. Sakafu ya Bahari ya Ross na ya Antaktika ya Magharibi ni mfumo wa mabonde ya ufa, mabonde na matuta yaliyofanywa na ardhi iliyotanuka, ikapasuka na kuzama, na wataalamu huulinganisha na ule wa Afrika Mashariki kwa ukubwa. Mabonde yake ndimo maji ya uvuguvugu hupita kuifikia barafu. Jina alilolieneza yeye, alilolipata kwa kutembea kwa miguu kati ya Naivasha na Baringo, ndilo linalotumika huko.

Baada ya kujiuzulu Gregory hakukaa kusononeka, au kama alisononeka hakulionyesha katika kazi. Mwanzoni mwa mwaka 1902, Scott alipokuwa kwenye barafu, yeye alikuwa na ngamia katika jangwa la Ziwa Eyre, katikati ya Australia. Mwaka 1904 alihamia Glasgow akawa profesa wa kwanza wa jiolojia wa chuo kikuu hicho, na alidumu hapo kwa miaka 25. Alifika Libya na Angola, mwaka 1919 alirudi kulichunguza tena bonde lake la Afrika Mashariki, na mwaka 1922 aliingia milima ya mpakani mwa China na Tibet pamoja na mwanawe. Aliandika kwa kasi ya kutisha. Kitabu chake cha mwaka 1921 juu ya mabonde ya ufa ndicho watafiti wa Tanganyika na Kenya walichokianzia kazi.

Hakuwa mtu wa kupatia kila mara. Mwaka 1913 alichapisha kitabu kikubwa akidai kuwa ghuba nyembamba na ndefu za nchi kama Norway zilifanywa hasa na mipasuko ya ardhi, wala si kuchimbwa na barafu. Wataalamu wa leo hawakubaliani naye. Barafu ndiyo iliyozichimba, ingawa mara nyingi ilifuata mipasuko iliyokuwapo. Mtu aliyeona ufa kila mahali aliupunguzia mto wa barafu nguvu zake. Alipokuwa rais wa Jumuiya ya Jiolojia ya London, kati ya mwaka 1928 na 1930, aliipinga pia nadharia ya Alfred Wegener kuwa mabara husogea, nadharia ambayo baadaye ndiyo iliyokuja kueleza kwa nini Bonde la Ufa lipo.

Liko doa jingine zito kuliko hayo. Mwaka 1925 alitoa kitabu juu ya mahusiano ya watu wa rangi mbalimbali, ambamo alitetea kuwatenga. Aliyefikishwa Mlima Kenya na kurudishwa salama na wapagazi 40 wa Kiafrika hakuona, au hakutaka kuona, kuwa safari ile peke yake ilitosha kuipinga hoja yake. Wasifu wake ukiandikwa Afrika Mashariki, jambo hilo haliwezi kurukwa.

Mwaka 1925 huo huo serikali ya Tanganyika ilianzisha idara ya jiolojia na kuiweka Dodoma. Mkurugenzi wake, Edmund Teale, alitoka jimbo la Victoria, Australia, ambako Gregory alikuwa amefundisha na kuongoza idara ya jiolojia ya jimbo kuanzia mwaka 1901 hadi 1904. Mawe yaliyokusanywa na idara hiyo kutoka kila pembe ya nchi yaliifanya Dodoma kuwa makao ya elimu ya ardhi ya Tanzania muda mrefu kabla haijawa makao ya serikali, na ndiko taasisi ya taifa ya jiolojia iliko hadi leo.

Gregory alistaafu Glasgow mwaka 1929. Miaka mitatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 68, alikwenda Peru kuchunguza milima ya Andes. Juni 2, 1932, mtumbwi wake ulipinduka kwenye maporomoko ya mto Urubamba, akazama.

Mto wa barafu wa Lewis, alioupa jina mwaka 1893, ulipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Ule uliopewa jina lake ulitoweka kabisa kufikia mwaka 2011, na mahali ulipokuwa pamebaki mwamba mtupu na vilima vya kokoto, vya aina ile ile aliyoikuta chini ya mlima.